Mabaraza Mawili ya Wahome wa Mbegu

Katika barabara ya kutoka mjini Nyeri kwenda Ihururu, kwa miaka ishirini na moja, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuwasimamisha wanawake thelathini kando ya njia asubuhi na mapema, kila mmoja na ng'ombe wake, bila kuwahubiria wala kuwaomba kura. Mtu huyo aliitwa Hezekiah Wahome. Hakuwa mchungaji, hakuwa mbunge, na wala hakuwa na sura ya kumsimamisha mtu. Alikuwa mpandishaji wa ng'ombe wa serikali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa moja na robo Land Rover ya kijivu ilitoka ofisi ya mifugo ikiwa imebeba pipa la naitrojeni, maji yale ya baridi kali yanayofuka moshi bila moto, na ndani ya pipa mlikuwa na mirija myembamba ya mbegu za mafahali wa kituo cha serikali cha Kabete. Mafahali hao hawakuwahi kuikanyaga Nyeri maishani mwao, lakini walikuwa na watoto wengi huko kumshinda mwanamume yeyote wa tarafa ile ya Tetu, hata wale waliosifika. Kando ya barabara, kila baada ya maili moja hivi, wakulima walikuwa wamejenga kizimba cha miti. Mwenye ng'ombe aliyeonyesha dalili za kutaka dume alimleta kizimbani, akamfunga, akangoja. Wahome alishuka, akavaa glavu ya kufika kwapani, akamaliza shughuli kwa dakika nne, akaandika kadi, akapokea shilingi moja, akaenda zake. Shilingi moja, msomaji, kwa mtoto wa fahali ambaye babu yake alikuwa na nishani.

Alianza mwaka wa 1967, baada ya mafunzo ya miezi tisa. Miezi tisa hiyo ilimtosha kuitwa Daktari na kila mtu, na yeye hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa masahihisho. Mkewe, Wakonyo, alimpigia pasi koti jeupe kila jioni kwa pasi ya makaa, akilalamika kwamba hajawahi kuona mtu anayevaa nguo safi kwenda kutia mkono mahali pale. Watoto wa shule walimwita Fahali wa Serikali. Wahome alijifanya hasikii, lakini siku ambazo hawakumwita alifika nyumbani amenuna.

Alikuwa na haki ya kuvimba kichwa kidogo. Aliikuta njia ile ina ng'ombe wadogo wa kienyeji, wanaotoa kikombe cha maziwa kwa hasira. Miaka kumi baadaye kulikuwa na Friziani wenye viwele vya kuburuta chini, na lori la ushirika lilikuwa likipakia mikebe hadi linalia. Nyumba za mabati ziliota. Gathoni, ambaye wengi walimwita Mama Moffat kwa jina la kifungua mimba wake, aliwasomesha Moffat na dada zake wawili kwa maziwa ya ng'ombe mmoja na binti zake. Gathoni mwenyewe alisema hadharani kwamba kuna watu watatu waliomsaidia duniani: Mungu, marehemu mumewe, na Wahome. Halafu aliongeza kwamba mumewe alisaidia kidogo.

Kwa hiyo Wahome alikuwa na ombi moja tu maishani. Aendelee na njia yake ya Ihururu hadi afikishe miaka hamsini na mitano, apewe pensheni, na kabla ya hapo, Mungu akipenda, Land Rover mpya, kwa sababu hii ya sasa ilikuwa ikipanda mlima kwa kusihiwa.

Sasa, wakati Wahome alikuwa mkono wote ndani ya ng'ombe, nchi ilikuwa ikikopa. Ilikopa kwa heshima, kwa suti na tai, na kwa picha kwenye kurasa za mbele za magazeti, wakubwa wakipeana mikono na wageni waliotabasamu kuliko wao. Halafu mafuta ya petroli yakapanda bei, kahawa ikashuka, na riba ikapanda bila kubisha hodi. Nchi ikaenda kwa wale wale wenye pesa kuomba nyingine za kulipia zile za kwanza. Wenye pesa hawakukataa. Ni watu wastaarabu, hawapendi kumwona mteja akihangaika. Walisema tu kwamba wana masharti madogo madogo, na moja lao lilikuwa kwamba serikali iache kuwadekeza wakulima kwa vitu vya shilingi moja. Wao huko kwao waliwalipa wakulima wao hata kwa kutolima, lakini hilo lilikuwa jambo lao la nyumbani na si adabu kumwuliza mgeni mambo ya nyumbani kwake.

Siku ya kukopa hakuna aliyepita Ihururu kumwuliza Gathoni kama anahitaji dola. Siku ya kulipa ndipo ikagunduliwa kwamba maoni yake ni muhimu sana.

Ndivyo alivyofika mtaalamu wa wenye pesa, Mzungu, mwezi wa sita mwaka wa 1985. Jina lake halisi lilikuwa na konsonanti nyingi, kwa hiyo watu walimwita Kalamu, kwa sababu alikuwa na kalamu nne kwenye mfuko wa shati. Nasema kweli, hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimu watoto, alikula irio akaomba tena, na alijua kusema "asante sana" mahali panapofaa na hata pasipofaa. Mwezi uliotangulia alikuwa katika nchi nyingine yenye deni, akiwauliza watu habari za visima. Kazi yake Nyeri ilikuwa kupata jibu la swali moja: je, mkulima yuko tayari kulipa kiasi gani, kwa juu kabisa, ng'ombe wake apandishwe? Alihitaji mkalimani anayejua ng'ombe, na ofisi ikampa Wahome.

Chifu Mutahi, aliyependa wageni kuliko alivyopenda kodi, aliitisha baraza. Akatoa meza ya ofisini kwake, ikatandikwa kitambaa cha kufumwa. Juu yake pakawekwa maua ndani ya glasi, soda mbili, na daftari kubwa lililopigwa mistari: jina huku, kiasi cha pesa kule. Mzungu akaketi kati. Wahome akasimama kando yake katika koti jeupe. Watu mia na zaidi wakaketi kwenye nyasi wakiitazama meza ile.

Niambie, ewe mtu wa Nyeri, ukikuta meza yenye kitambaa, maua, mgeni wa heshima, na daftari la majina na pesa, umefika wapi? Umefika harambee. Tumejenga mashule hivyo, tumejenga makanisa hivyo, tumepeleka watoto ng'ambo hivyo. Na katika harambee kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: hutaji kiasi ulicho nacho. Unataja kiasi kinachozidi cha jirani yako.

Kalamu aliuliza swali lake kwa upole. Wahome akalitafsiri neno kwa neno, bila kosa lolote. Kisha Chifu Mutahi akainuka, akavuta mkanda wake.

"Mimi kama chifu wenu," akasema, "niko na ng'ombe nne. Ninasema shilingi kumi!"

Makofi yakalia. Kalamu akaandika kumi. Hapo mwalimu mstaafu Theuri, ambaye hakuwahi kumsamehe chifu kwa kupewa uchifu, akasimama polepole.

"Kumi ni ya soda," akasema. "Andika Theuri, thelathini."

Na hapa ndipo ninapomlaumu Wahome, ingawa ninampenda. Angeweza kumnong'oneza mgeni kwamba mambo yanaharibika. Lakini yeye alisikia nini? Alisikia watu wake wakishindana kutaja thamani yake. Kila shilingi ilikuwa inampapasa mgongoni. Tena akawaza gari. Bila shaka wageni hawa wakiona jinsi watu wanavyoipenda njia, wataleta Land Rover mpya. Damu ya ushereheshaji ikampanda, maana hata kanisani yeye ndiye alikuwa akiendesha harambee.

"Mwalimu amesimama na thelathini!" akapaaza sauti. "Ihururu yote imelala? Mama Moffat, nakuona unajificha nyuma ya leso!"

"Hamsini!" akaita Gathoni.

"Sabini," akasema Theuri.

"Themanini, na ya marehemu mzee wangu ishirini, hiyo ni mia!"

"Mia na hamsini!" Sauti ya Theuri ilikuwa imeanza kukauka.

Gathoni alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku hiyo alionekana. Akaifunga leso kiunoni.

"Daktari, andika Gathoni," akasema. "Andika mia mbili. Na kama huyu mgeni anafikiri tunacheza, andika tena."

Baraza likalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume, Chifu akacheza hatua mbili, na kalamu ya kwanza ya Kalamu ikaisha wino. Kibarua wa kuchuma kahawa wakati huo alikuwa akipata shilingi kumi na tano kwa siku. Kalamu alilijua hilo, na ndiyo sababu alimgeukia Wahome macho yamemtoka. "Ni ajabu," akasema kwa Kiingereza chake. "Kule kwetu tuliambiwa watu hawa ni maskini."

"Hatujawahi kuwa maskini," Wahome akajibu, kifua mbele.

Wakati wa chai ya jioni Wakonyo alisikiliza habari zote huku akimenya viazi. "Na hizo pesa nani atalipa?" akauliza.

Wahome akacheka hadi akakohoa. "Wewe mwanamke! Nani umeona akilipa ahadi ya harambee?"

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mifugo. Lilisema kwamba kufuatia utafiti uliofanywa kwa kuwashirikisha wananchi wenyewe, imebainika kwamba wakulima wa eneo hilo wako tayari, na wana uwezo, wa kulipa wastani wa shilingi themanini na sita kwa kila ng'ombe. Lakini kwa kumhurumia mwananchi wa kawaida, bei itakuwa sitini tu. Wahome alilisoma mara tatu. Kwenye "kwa kumhurumia" alirudia mara ya nne.

Asubuhi hiyo katika kizimba cha kwanza walidhani ni mzaha, wakacheka. Katika cha pili hawakucheka. Katika cha tatu alikuwapo Theuri na Friziani wake.

"Sitini! Huu ni wizi wa mchana!"

"Mwalimu," Wahome akasema, "wewe ulisema mia na hamsini. Nilikusikia na masikio yangu."

"Nilisema mbele ya watu!" Theuri akafoka. "Mtu akisema mbele ya watu, hiyo ni bei?"

Akamfungua ng'ombe wake akarudi naye nyumbani.

Hapo ndipo Gicheru alipopata akili. Gicheru alikuwa na shamba bondeni, ng'ambo ya mto, na hakuwahi kufanikiwa katika lolote. Alisikia bei mpya, akauza mbao zake, akaenda soko la mifugo la Doldol, akarudi na fahali. Lilikuwa dume la rangi ya matope, fupi, lenye nundu na hasira, ukoo wake haukujulikana hata na lenyewe. Bei ya kupandishiwa ilikuwa shilingi ishirini, au debe la viazi, au ukose hivyo uje kumsaidia kupalilia. Katika kipindi cha miezi sita Gicheru alikuwa na mabati mapya.

Wahome aliendelea kutoka saa moja na robo. Kutoka ng'ombe arobaini kwa siku akafika ishirini na watano, kisha kumi na wanne, kisha tisa. Alipita vizimba vitupu, nyasi zimeanza kuota katikati. Kule mashambani aliona ndama wa kwanza wa Gicheru: wafupi, wa matope, wenye nundu. Kila mmoja alimchoma rohoni, maana alijua ataleta maziwa kiasi gani akikua, na alijua mtoto yupi wa shule atarudishwa nyumbani kwa ajili yake. Lori la ushirika lilikuja siku nne kwa wiki, kisha tatu. Aliyebaki mwaminifu kila mara ni Gathoni. Alilipa sitini zake akiwa amezifunga kwenye ncha ya kitambaa, noti na sarafu, na hakuwahi kumtazama Wahome usoni alipokuwa akizihesabu. Wahome alidhani ni hasira.

Mwaka wa 1988 Kalamu akarudi. Nywele zilikuwa zimepungua na kalamu zilikuwa zimeongezeka. Deni nalo lilikuwa limeongezeka, kwa kuwa nchi ilikuwa imelipa kwa bidii miaka yote mitatu, na hesabu za wakubwa ndivyo zilivyo: unalipa, linakua. Safari hii Kalamu alitaka kuuliza swali lile lile, aone kama njia ya Ihururu inafaa kuendelea au kufungwa.

Kufungwa! Wahome alimwomba alirudie neno hilo. Alibakiza miaka michache afikie pensheni, ndiyo, lakini usidhani ni hilo tu. Aliwaza vizimba vyote vile vikigeuzwa kuni. Akaapa kwamba safari hii watu hawatajisifu. Kwa siku nne alisimama kila boma, ng'ombe awepo asiwepo.

"Mkiulizwa mtatoa ngapi, semeni hamna kitu," akawafundisha. "Hamna hata ndururu. Lieni kidogo. Mzungu akiona mmeumia atarudisha ile shilingi."

"Hata mimi?" akauliza Gathoni.

"Wewe hasa, Mama Moffat. Wewe ndiye anakukumbuka."

Sijawahi kuona mchezo wa kuigiza uliochezwa vizuri kama baraza lile la pili. Chifu Mutahi hakutandika kitambaa, na maua hayakuletwa. Theuri alikuja na koti alilolitoa kwenye kibanda cha mbwa. Watu waliokuwa na viatu waliviacha kichakani. Swali lilipoulizwa, mmoja mmoja walisimama, wakatikisa vichwa, wakasema hawana. Gathoni alikaa chini kwenye matope, miguu mitupu mbele yake, na zamu yake ilipofika alisema kwa sauti ya mgonjwa, "Daktari, mwambie sina. Hata hiyo moja, sina." Kwa mtu ambaye miaka mitatu kabla alisimama na mia mbili, maneno yale yalimgharimu, na Wahome aliyatafsiri akitazama pembeni.

Kalamu aliandika sifuri. Akaandika nyingine, na nyingine, ukurasa mzima wa mayai. Mwishoni akafunga daftari, akamshika Wahome bega kwa masikitiko.

"Nasikitika, rafiki yangu," akasema. "Ni wazi kwamba wakulima hawaithamini tena huduma hii. Mahitaji yamefika sifuri."

Wahome akamkimbilia hadi kwenye gari, na pale akakiri kila kitu kwa Kiingereza kilichovunjika. Kwamba mara ya kwanza ilikuwa harambee. Kwamba ahadi ya harambee si bei, ni heshima. Kwamba mara ya pili aliwafundisha yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na kwamba Theuri ana koti zuri nyumbani. Kwamba ukweli uko katikati, watu wangeweza kulipa kumi na tano, labda ishirini, na kama angewauliza mmoja mmoja jikoni kwao wangemwambia.

Kalamu alimsikiliza bila kumkatiza. Tena alifurahi sana. Alitoa daftari dogo akaandika habari za harambee, akamwomba Wahome amwendelezee herufi za neno "vigelegele". Kisha akaona uso wa Wahome, na nadhani alimwonea huruma ya kweli, kwa sababu alimwambia jambo ambalo hakulazimika kumwambia.

"Usijilaumu. Makubaliano ya mkopo yalitiwa sahihi mwezi wa tatu. Njia zote za aina hii zitafungwa, hapa na wilaya nyingine."

"Mwezi wa tatu?" Wahome akauliza. Walikuwa mwezi wa sita. "Na ile ya kwanza, ya sitini?"

"Hiyo pia ilikuwa imekubaliwa kabla sijaja. Ama kiasi cha karibu na hapo."

"Sasa ulikuja kutuuliza nini?"

Kalamu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Ripoti ina sehemu ya maoni ya wakulima," akasema. "Haiwezi kuachwa wazi."

Barua ya Wahome ilifika mwezi wa tisa. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumweleza kwamba ameruhusiwa kustaafu kwa hiari, hiari hiyo ianze mwisho wa mwezi. Angepewa kitita cha kumwezesha kuanza biashara. Karani aliyemsainisha, kijana mcheshi, alimpasha kwamba kitita chenyewe kimetoka kwenye mkopo mpya, uliotolewa mahsusi kwa kuwapunguza wafanyakazi, wa kulipwa kwa miaka arobaini. Wahome alipiga hesabu akiwa ameshika kalamu. Nchi ilikuwa imekopa ili kumfukuza, na deni hilo wangelilipa wajukuu zake, ambao wawili walikuwa bado hawajazaliwa. Akatia sahihi, kwa hiari.

Siku ya mwisho alitakiwa kupita njia nzima kukusanya kadi za ng'ombe. Pipa lilikuwa nyuma ya gari lakini lilikuwa tupu, naitrojeni haikuletwa tangu wiki mbili nyuma. Alipita kizimba baada ya kizimba bila kukuta mtu, na moyoni alishukuru. Karibu na mwisho wa njia, kabla ya daraja, akamwona Gathoni. Alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wake, Friziani mwenye madoa, mjukuu wa yule aliyewasomesha watoto. Ng'ombe alikuwa akilia na kuzungukazunguka kizimbani.

"Daktari, umechelewa," Gathoni akasema. "Hii ng'ombe imenisumbua tangu saa kumi na moja. Niko na sitini hapa, iko kamili."

Wahome alishuka. Hakuvaa glavu. Alimfungulia mlango wa nyuma, akafunua kifuniko cha pipa ili aone mwenyewe. Gathoni akachungulia ndani. Hapakuwa na moshi.

"Ni mimi," akasema, bado ameinama.

"Ni wewe nini, Mama Moffat?"

"Ni mimi nilisema mia mbili. Kama ningenyamaza kwa hamsini, hii kitu haingefika hapa. Miaka tatu sasa. Ninakuona ukipita vizimba vitupu, ninashindwa hata kukuangalia. Nimeomba kanisani, nimeomba shambani. Ni mimi niliharibia watu wa Ihururu, kwa sababu ya mdomo."

Wahome aliumia. Kumbe mwanamke huyu alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, kila alipohesabu zile sarafu, naye alidhani ni hasira. Alitaka kumtua hapo hapo.

"Mama, si wewe," akasema. "Nisikize. Mzungu aliniambia. Walikuwa wametia sahihi tayari, hata kabla ya baraza. Ungesema mia mbili, ungesema elfu, ungesema huna, ingekuwa tu hivi. Haikutoka kwako. Hawakuwa wanasikiza."

Alingoja uso wake upate nafuu. Gathoni alinyooka, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile la sitini.

"Ati hawakusikia?"

"Hawakusikia."

"Na vile nilisimama? Na vile wamama walinipigia vigelegele?"

"Ndiyo."

"Na vile uliniambia nitoe viatu nikae kwa matope, nikakaa, mbele ya Theuri?"

"Ndiyo, mama."

Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya huzuni. Alikuwa na hasira ambayo Wahome hakuwahi kuiona kwake, hata siku alipofiwa. Alizifungua zile shilingi sitini kwenye ncha ya kitambaa, akazitazama kama kwamba ni za mtu mwingine, akazifunga tena.

"Afadhali ungeniacha nikifikiri ni mimi," akasema.

Ng'ombe akalia tena, na wote wawili walijua kwamba hawezi kungojeshwa hadi kesho. Gathoni akaifungua kamba, akamgeuza kuelekea bondeni, kwa Gicheru. Wahome alisimama kidogo kando ya gari. Kisha akavua koti jeupe, akalitupa juu ya kiti, akaokota fimbo, akamfuata. Ng'ombe alikuwa hajawahi kushuka njia ile na alikataa kupanda daraja la mbao, kwa hiyo Gathoni alivuta mbele na Wahome akasukuma nyuma kwa bega, hadi akavuka.